Kifungo Chenye Nanga

Wenye vyumba vya juu walishuka kwanza,
kofia pana, maji ya chupa, kibendera cha kuwaongoza,
wakaelekea kwenye makasri ya wapanda farasi wa msalaba.
Sisi wa chini tulitokea baadaye, mlango wa mizigo,
kadi shingoni, saa nne za kuhesabu.

Wenzangu walikimbilia mtandao wa bure,
wakajipanga ukutani mwa mkahawa
kila mmoja akiongea na mama yake.
Mimi nilikuwa na kifungo.
Au tuseme, sikuwa nacho:
kiling'oka kwenye koti la bwana wa chumba 7114,
kikamezwa na mashine yangu ya kufulia,
na msimamizi Halvorsen aliniambia kwa upole,
upole ule unaouma kuliko kofi,
"Kitafute, ama ukatwe."

Ndivyo nilivyouona mji wa Valletta:
macho kwenye vifua vya watu.
Mawe ya rangi ya asali iliyokaa sana,
roshani za mbao, kijani, nyekundu,
kama makabati yaliyosukumwa nje ya dirisha,
ngazi zinazoporomoka hadi majini,
yote niliyapata kwa pembe ya jicho.
Sikuuliza nani aliuzingira mji, mwaka gani.
Niliuliza vifungo.

Kanisa moja lina saa mbili usoni.
Moja ya kweli, moja ya uongo,
alinieleza Nenu, muuza sambusa za njegere,
ili Shetani asijue misa inaanza lini.
Nikacheka. Mimi ninayo ya tatu, kichwani,
inayoanza kuhesabu jua likichomoza:
kwao ilikuwa kumi na moja, kwangu saa tano.
Shetani wa pale hanipati kabisa.

Nenu ndiye aliyenielekeza kwa Vitorin.
Duka upana wa mlango, kina cha kisima,
droo mpaka darini.
Akaivuta ile ya manowari zilizoondoka zisirudi:
shaba, mataji, pomboo, kamba zilizosokotwa,
mali ya mabaharia waliokopa uzi wakafa na deni.
Akaanza kuvipanga mezani akihesabu kwa lugha yao.
Nikanyamaza, mgeni.
Hamsa, hiyo niliisikia kwa mbali,
hamsini iliyokatwa mkia.
Kisha: sitta.
Moyo ukaruka. Sita, nikasema.
Akanitazama juu ya miwani. Seba?
Saba!
Kwenye nane tukapoteana, kila mtu na njia yake,
kwenye tisa tukakutana tena, disa, tisa,
tukacheka kama ndugu wawili
waliogawana urithi zamani
na hakuna anayekumbuka ugomvi ulikuwa wa nini.

Halafu mzinga ukalia ngomeni. Saa sita.
Mimi niliinama chini ya meza.
Yeye alikuwa ameshaifunga droo kwa kiganja
kabla ya mlio,
kama alivyomwona mama yake akifanya,
mama aliyejifungulia chini ya mji
ndani ya shimo la kujifichia mabomu.
Hakuongeza neno. Aliifungua droo tena.

Kilichopatikana kilikaribia tu:
nanga ile ile, ila kamba yake imezungukia kushoto.
Alinipa viwili kwa bei ya kimoja.
Nje, meli ilikuwa imeuelemea mji
kama jokofu kwenye chumba cha mwanafunzi.

Nimekishona. Msafisha chumba ananiambia
bwana wa 7114 alilivaa koti kwa chakula cha jioni,
akasimulia ngome, mizinga, uzuri wa mawe,
huku kamba ikienda kushoto kifuani mwake.

Cha pili kimo mfukoni mwangu.
Lugha yangu ina neno moja tu
kwa kinachofunga shati na kinachofunga mtu,
na mkataba wangu ni miezi tisa.
Usiku, chini ya mstari wa maji, nahesabu taulo.
Sita. Saba.
Kwenye nane nasita kidogo,
nampisha Vitorin apite njia yake,
kisha namngojea kwenye tisa.